Ngazi ya Maji

1. Maji hufuata mkondo

Kila mtoto ajua ya kuwa maji hayapandi mlima. Mvua ikinyesha juu ya kilima, maji huteremka bondeni, kisha huenda mtoni, na mwisho huenda baharini. Wala hakuna mtu aliyeona mto ukigeuka na kurudi juu ulikotoka. Wazee husema, Maji hufuata mkondo.

Basi chombo kilicho majini hakina budi kuyafuata maji. Je, chombo kikubwa kilichojaa makaa ya mawe au nafaka chawezaje kupanda mlima wenye urefu wa futi 237, bila ya kutolewa majini, na bila ya kuinuliwa na mashine yo yote? Katika somo hili tutasoma habari za mahali palipo na ngazi ya namna hiyo. Mahali hapo huitwa Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, nchini Uingereza.

2. Kifuu ndani ya ndoo

Kabla ya kwenda mbali, tufanye jaribio dogo. Chukua ndoo, utie maji kidogo, kisha weka kifuu cha nazi juu ya maji kielee. Ndani ya kifuu tia kijiwe kimoja. Hicho ndicho shehena yake. Sasa mimina maji polepole kando ya ndoo. Utaona kifuu chapanda pamoja na kijiwe chake, hata kikafika karibu na ukingo wa ndoo, nawe hukukigusa kwa mkono. Kisha yateke maji kwa kikombe. Kifuu chashuka tena polepole, wala hakipinduki.

Ukilielewa jambo hili, umekwisha kuielewa siri yote ya loki.

3. Loki ni nini?

Loki ni chumba kirefu kisicho na paa, kilichojengwa kwa mawe au matofali katikati ya mfereji, mahali ambapo nchi inapanda. Upande mmoja wa chumba ni mfereji wa juu; upande wa pili ni mfereji wa chini. Kila upande una milango mizito ya mbao. Tena karibu na milango, chini ya maji, mna vilango vidogo vinavyofunguliwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Na juu ya kila mlango pana boriti ndefu na nene, ambayo watu huisukuma ili mlango ufunguke au ufungwe.

Haya, na tukitazame chombo kinachopanda. Kinakuja kutoka mfereji wa chini. Maji yaliyo ndani ya loki nayo yako chini, kwa hiyo milango ya chini yafunguka, na chombo chaingia. Watu waisukuma boriti, na milango yafungwa nyuma yake. Sasa chombo kimo ndani ya chumba, na kuta zenye maji maji na majani mabichi zimekizunguka pande zote. Mtu aliyemo huona mbingu tu juu yake.

Ndipo vilango vya upande wa juu hufunguliwa. Maji ya mfereji wa juu huingia kwa kishindo, yakitoa povu. Chombo huanza kupanda, kama kile kifuu chetu ndani ya ndoo. Baada ya dakika chache maji ya chumbani na maji ya mfereji wa juu huwa sawasawa. Milango ya juu hufunguliwa, na chombo hutoka kikiendelea na safari yake. Kimepanda kipandio kimoja cha ngazi. Chombo kinachoshuka hufanyiwa vivyo hivyo, ila kwa kinyume: huingia loki ikiwa imejaa, na maji hutolewa kwa vilango vya chini.

Hakuna mashine iliyokiinua. Uzito wa maji yenyewe ndio uliofanya kazi, na mikono ya watu iliyafungulia na kuyafungia.

4. Mlango usiofunguka kwa nguvu

Labda utauliza, Milango hii yazuiaje maji mengi hivyo? Tazama umbo lake. Milango miwili hukutana katikati, lakini haikutani kwa mstari ulionyoka. Hukutana kwa pembe, kama ncha ya mshale unaoelekea upande wa maji ya juu. Maji yakiisukuma, milango hubanana. Na kadiri maji yanavyozidi kusukuma, ndivyo milango inavyozidi kushikana. Adui mwenyewe amefanywa kuwa mlinzi.

Katika loki za Caen Hill maji ya juu hupita yale ya chini kwa futi 8 hivi. Loki ikiwa imejaa, milango ya chini hubeba uzito wa zaidi ya tani 10. Hata wanaume wenye nguvu wakikusanyika na kuisukuma boriti kwa mabega yao, mlango hautatikisika. Lakini maji ya pande mbili yakiisha kuwa sawa, mtoto wa umri wenu aweza kuiegemea boriti kwa mgongo, akakaza miguu yake chini, na mlango ukaanza kwenda polepole. Kwa hiyo mtu mwenye haraka hupata taabu bure, na mwenye subira hufunguliwa.

5. Chombo kilichovunjika

Loki haikubuniwa Uingereza. Ya kwanza iliyoandikwa katika historia ilijengwa nchini China mwaka wa 984, katika Mfereji Mkuu wa nchi ile. Siku zile, mahali ambapo maji ya juu na maji ya chini yalitofautiana, mashua ziliburutwa kwa kamba juu ya ukuta wenye mteremko. Mara nyingi mashua zilivunjika kwa kuburutwa, na zilipovunjika wezi walitokea wakaiba nafaka ya kodi iliyokuwa ndani yake.

Ofisa mmoja wa serikali, jina lake Qiao Weiyue, aliiona hasara hiyo, akatafuta njia nyingine. Alijenga milango miwili katika mfereji, na kati ya mlango na mlango aliacha nafasi ya hatua 50. Mashua iliingia katikati, maji yakasawazishwa, nayo ikapita salama na shehena yake. Basi mkumbuke ya kuwa kazi hii ya akili ilianzia katika chombo kilichovunjika na chakula kilichoibiwa. Watu wengi waliyaona mambo hayo, wakanung'unika tu. Mmoja aliyaona, akafikiri.

Milango yenye umbo la ncha ya mshale ilikuja miaka mingi baadaye, katika nchi ya Italia. Mchoraji na fundi mashuhuri Leonardo da Vinci aliichora kwa mkono wake mwishoni mwa karne ya 15.

6. Mfereji wa Kennet na Avon

Sasa turudi Uingereza. Zamani kabla ya gari la moshi, kusafirisha vitu vizito katika nchi ile kulikuwa kazi ngumu. Wakati wa mvua barabara zilikuwa matope, na magari ya farasi yalizama hata kwenye ekseli. Lakini chombo kikielea, farasi mmoja anayetembea kando ya mfereji, akivuta kwa kamba, aweza kuvuta tani 30 na zaidi. Kwa sababu hiyo Waingereza walichimba mifereji mingi katika nchi yao.

Mmoja wa mifereji hiyo ni Kennet na Avon. Upande wa magharibi uko mji wa Bristol, wenye bandari kubwa. Upande wa mashariki uko mji wa Reading, penye mto Thames unaokwenda London. Vyombo vilivyotoka Bristol kwenda London vilikuwa vikizunguka kwa njia ya bahari, mahali penye dhoruba, tena penye hatari ya manowari za Ufaransa wakati wa vita. Basi watu wakaona heri kukata njia ya maji katikati ya nchi. Ruhusa ya bunge ilipatikana mwaka wa 1794, na kazi ikaanza. Njia yote, pamoja na sehemu zinazopita mitoni, ni maili 87, nayo ina loki zaidi ya 100.

Fundi mkubwa wa kazi hiyo alikuwa John Rennie, mtu wa Uskoti, ambaye ndiye pia aliyechora Daraja la Waterloo la kwanza mjini London. Wachimbaji wake hawakuwa na matingatinga. Walitumia sululu, majembe ya kuchotea na magari ya mkono ya gurudumu moja. Walipokwisha kuchimba, waliikanda sakafu ya mfereji kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na maji, wakaukanyaga na kuushindilia, ili maji yasinywewe na ardhi.

7. Loki 29

Kazi iliendelea kutoka pande mbili, mashariki na magharibi, hata ikafika Devizes. Hapo palikuwa na mlima. Mji uko juu, na bonde liko chini, na kati yao mfereji ulitakiwa kupanda futi 237, yaani mita 72 hivi, katika mwendo wa maili mbili tu. Kwa muda sehemu mbili za mfereji zilikuwa tayari, lakini hazikuunganika. Shehena ilishushwa chini ya mlima, ikatiwa katika magari madogo yaliyovutwa na farasi juu ya reli, ikapandishwa mpaka mjini, na huko ikapakiwa tena katika vyombo vingine.

Rennie aliamua kujenga ngazi. Kiwanda cha matofali kilianzishwa karibu na mahali pa kazi, na udongo wa pale pale ukachomwa kuwa matofali ya kujengea vyumba. Mwaka wa 1810 ngazi ilikwisha, na mfereji wote ukafunguliwa.

Loki zake ni 29, katika mafungu matatu. Fungu la chini, mahali paitwapo Foxhangers, lina loki 7. Fungu la katikati lina loki 16 zinazopanda mlima moja kwa moja, kwa mstari ulionyoka. Fungu la juu lina loki 6, nalo huingia mjini Devizes. Mtu akisimama chini ya zile 16 na kuinua macho, huona milango nyuma ya milango, na boriti nyeusi zenye ncha nyeupe, mpaka juu kabisa.

Lakini Rennie alikuwa na jambo jingine la kufikiri. Mlima ni mkali, kwa hiyo nafasi kati ya loki na loki ni fupi mno. Ukitaka kuijaza loki kwa maji ya nafasi fupi kama hiyo, nafasi yenyewe itakauka, na chombo kinachongoja hapo kitakwama matopeni. Alifanyaje? Hakuweza kuirefusha nafasi kwenda mbele, maana mbele kuna loki nyingine. Akaipanua kwa ubavuni. Kando ya ngazi alichimba mabwawa mapana, moja juu ya jingine, na kila bwawa huweka maji ya kuijazia loki iliyo chini yake.

Kazi ya vyombo ilikuwa nyingi, hata tangu mwaka wa 1829 mpaka 1843 taa za gesi ziliwashwa kando ya ngazi ili vyombo vipate kupita usiku.

8. Maji ni mali

Kila mara milango ya chini ya loki inapofunguliwa, maji yaliyojaa chumbani huwa yamekwisha kwenda chini. Kiasi chake ni zaidi ya lita 200,000, yaani zaidi ya madebe 10,000. Chombo kimoja tu kikipita, maji hayo yote huondoka juu na kuteremka. Je, juu yatatoka wapi mengine?

Hiyo ndiyo shida kubwa ya kila mfereji unaovuka mlima. Sehemu ya juu kabisa ya mfereji huu iko mashariki ya Devizes, karibu na Crofton, na chemchemi za pale ziko chini kuliko mfereji wenyewe. Kwa hiyo mashine ya mvuke ilijengwa ili kuyainua maji kwa futi 40 hivi. Moja ya mashine za Crofton, iliyotengenezwa na Boulton na Watt mwaka wa 1812, ingali mahali pale pale, na siku fulani fulani huwashwa ili watu waione ikiteka maji kama zamani. Katika Caen Hill nako, mwaka wa 1996, pampu kubwa ziliwekwa chini ya mlima, nazo zaweza kuyarudisha juu maji ya lita milioni 32 kwa siku.

Hata hivyo kuna njia nyingine ya kuyahifadhi maji, isiyohitaji pampu. Loki hizi zina upana wa futi 14 hivi, na mashua nyembamba nyingi zina upana wa futi 7 hivi. Kwa hiyo mashua mbili huweza kuingia pamoja, ubavu kwa ubavu. Mwenye mashua akifika chini ya ngazi na kumwona mwingine anakuja nyuma yake, humngojea. Maji yale yale ambayo angeyatumia peke yake huwapandisha wote wawili, na kazi ya kusukuma boriti za loki 29 mara nyingi hugawanywa katika mikono mingi. Safari ya ngazi yote huchukua saa tano au sita. Lakini wakiisha kufika juu, hupata maili 15 za maji yaliyotulia bila ya loki hata moja.

9. Ngazi iliyokauka

Mwaka wa 1841 reli ilikamilika kutoka London mpaka Bristol. Gari la moshi lilikwenda kwa saa chache njia ile ambayo chombo kilikwenda kwa siku nyingi. Wafanya biashara wakauacha mfereji mmoja mmoja. Mwaka wa 1852 mfereji wenyewe ukawa mali ya kampuni ya reli, na matengenezo yake yakapungua mwaka kwa mwaka. Shehena ya mwisho iliyopita katika ngazi ya Caen Hill ilikuwa nafaka, mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1948.

Baada ya hapo palinyamaza. Milango hii ni ya mti wa mwaloni, mti mgumu sana, lakini hata mwaloni hauwezi kukaa majini zaidi ya miaka 20 au 25 hivi bila kubadilishwa. Milango ikaoza. Maji yakavuja, vyumba vikakauka, na majani na vichaka vikaota mahali ambapo vyombo vilikuwa vikielea. Matofali yaliyochomwa kwa taabu yakaanza kuanguka.

Wako waliosema ya kuwa mfereji umekwisha faida, ufungwe kabisa. Lakini wako wengine waliokataa. Mwaka wa 1956 watu zaidi ya 20,000 walitia sahihi zao katika ombi la kutaka mfereji usiachwe ufe, na ombi hilo likachukuliwa kwa njia ya maji mpaka London. Mwaka wa 1962 kikaundwa chama cha kuutengeneza. Watu wa kazi mbalimbali, wazee kwa vijana, walitoa siku zao za kupumzika, wakaingia vyumbani na mabuti yao, wakachota tope, wakakata vichaka, wakajenga kuta upya. Wengine walikusanya fedha. Hawakulipwa mshahara, na wengi walifanya kazi kwa miaka mingi kabla ya kuona chombo kimoja kikipita.

Tarehe 8 Agosti mwaka wa 1990 Malkia Elizabeth wa Pili alikuja Devizes, akaufungua mfereji tena. Shehena ya makaa na nafaka haikurudi. Siku hizi vyombo vinavyopanda ni vya watu wanaosafiri kwa kupumzika, na wengine wakaao ndani ya mashua zao. Kwenye njia ya farasi hupita watu wanaotembea kwa miguu. Katika mabwawa ya Rennie, kati ya matete, huogelea mabata maji meupe pamoja na makinda yao. Kila mwaka, wakati wa baridi, mafundi huchagua baadhi ya loki za nchi ile, huzikausha, na kutia milango mipya badala ya iliyochakaa. Kazi hiyo haina mwisho.

10. Mafundisho ya somo hili

Tumeona ya kuwa mlima wa Devizes haukushindwa kwa nguvu. Ulishindwa kwa kugawanywa. Hakuna chombo kinachoweza kupanda futi 237 kwa mara moja, lakini kila chombo chaweza kupanda futi 8, kisha 8 nyingine, mara 29. Mwanafunzi aliye na kazi kubwa mbele yake, na akumbuke hesabu hiyo. Wazee walisema kweli: Bandu bandu huisha gogo.

Tena tumeona ya kuwa kitu kilichojengwa vizuri hakijitunzi. Rennie alijenga kwa ustadi, lakini ustadi wake haukuzuia milango isioze. Ngazi ilikufa ilipokosa watu, na ikafufuka ilipowapata. Katika kijiji chenu kipo kisima, au daraja, au nyumba ya shule, ambayo wengine waliijenga kabla ninyi hamjazaliwa. Itazame vizuri utakapopita leo, uone kama imeanza kupata ufa.

Maswali

1. Kwa nini kifuu hupanda ndani ya ndoo bila ya kuguswa?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi chombo kinavyoshuka katika loki.
3. Kwa nini milango ya loki hukutana kwa pembe, na pembe hiyo huelekea upande gani?
4. Qiao Weiyue aliona hasara gani, naye alifanya nini?
5. Gawanya futi 237 kwa loki 29. Kila loki hupandisha chombo futi ngapi hivi?
6. Kwa nini Rennie alichimba mabwawa kando ya ngazi?
7. Mashua mbili zikipanda pamoja badala ya moja moja, ni madebe mangapi ya maji yasiyopotea katika loki moja?
8. Taja kitu kimoja mahali mnapokaa kinachohitaji kutunzwa na watu wote. Ni nani anayekitunza sasa?